GPA (wastani wa alama) ndogo na ndoto ya u-PA: majibu ya maswali yenu

Safari hii nimekusanya maswali ya Waswahili walioko Marekani wanaotaka kusomea PA (physician assistant), yaani yule mtabibu anayepima wagonjwa na kuandika dawa akishirikiana na daktari. Karibu wote mnalia na jambo moja: alama.

Nina digrii ya biolojia, GPA 2.7. Miaka ya mwanzo nilikuwa nabeba boksi usiku, asubuhi nasinzia darasani. Vyuo vingi vinataka 3.0. Niache? (Columbus, Ohio)

Tupige hesabu kwanza. Krediti 120 za digrii yako mara 2.7 ni pointi 324. Ili ufike 3.0 unahitaji krediti 36 zaidi, zote A, na A ni pointi 4 kwa kila krediti: zinaongeza pointi 144, jumla 468, gawa kwa 156. Hayo ni masomo tisa ya sayansi yenye maabara, na B moja tu inakuangusha chini ya mstari. Pesa hapo si haba.

Ndiyo maana mimi sikushauri uukimbize wastani wote. Vipo vyuo vinavyotazama krediti 40 au 60 za mwisho, vipo vinavyopokea 2.75, na vichache havikuweka kiwango kabisa. Vitafute hivyo, usome masharti ya kimoja kimoja, kisha urudi darasani kwa masomo machache mazito: fiziolojia, mikrobiolojia, baiokemia. Koleji ya jamii ni nafuu, ila uliza kwanza kama chuo unachokilenga kinaikubali. Na tafadhali, punguza zamu. Ukirudi na masomo manne huku bado unakesha kazini, utaongeza C juu ya C, na hapo hakuna wa kukutetea.

Nilipata D ya kemia, nikairudia nikapata A. Chuo changu kiliiondoa ile D kwenye hesabu. Si yameisha? (Dallas)

Hayajaisha. Maombi ya vyuo vingi hupitia CASPA, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya PA, na CASPA inahesabu kila mara uliyokaa kwenye somo. D ni 1, A ni 4; kama krediti ni sawa, kwao kemia yako ni 2.5. Kila chuo ulichowahi kusoma lazima ukitaje, hata kile ulichokaa muhula mmoja ukapotea. Wanatoa pia wastani wa sayansi peke yake, na huo ndio unaopaswa kukunyima usingizi kuliko C ya historia.

Shikamoo dada. Nilikuwa tabibu kituo cha afya Tabora, sasa nalea wazee hapa. Hakuna mtihani wa kunifanya PA moja kwa moja? (Minneapolis)

Marahaba, mdogo wangu. Hakuna. Mtihani wa taifa, PANCE, wanafanya waliohitimu programu iliyoidhinishwa na ARC-PA tu, chombo kinachokagua programu za PA, na kozi yenyewe kwa kawaida huchukua kama miezi 27. Najua inauma: umezalisha, umeshona majeraha, umetibu malaria usiku kwa tochi, leo unaambiwa uanze upya. Tena diploma ya utabibu si digrii, na vyuo vingi vinadai digrii ya kwanza. Vyeti vya nyumbani vitahitaji tathmini, wengi hutumia WES, shirika linalotathmini vyeti vya nje, na mara nyingi masomo ya sharti utatakiwa uyasomee huku.

Ila una bahati ambayo mwenzako wa Columbus hana: transkripti yako ya Marekani, yaani orodha ya alama za chuo, bado ni nyeupe. Usikubali kuichafua kwa haraka.

Nina saa nyingi za CNA, yaani msaidizi wa nesi mwenye cheti, kwenye nyumba ya wazee. Rafiki zangu wanasema hizo si kitu. (Portland, Maine)

Rafiki zako wanakupotosha. Fani hii ilianza Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, na wanafunzi wa kwanza walikuwa wahudumu wa tiba waliotoka jeshi la majini. Mpaka leo vyuo vingi vinamthamini aliyekwisha kugusa wagonjwa. Vipo vinavyoringa na kuipa CNA uzito mdogo, hivyo viruke.

Tatizo ni namna mnavyoiandika. "Nilisaidia wazee kuoga" haisemi lolote. Andika kwamba ukimwogesha bibi uliona kisigino kimebadilika rangi, ukakibonyeza, rangi haikufifia, ukamwita nesi kabla ngozi haijafunguka. Hapo msomaji anamwona mtu anayejua anachokitazama.

Niitaje GPA yangu kwenye insha ya maombi, au ninyamaze? (Seattle)

Itaje kwa sentensi mbili tatu: kilichotokea, ulichobadilisha, alama za baada ya hapo. Mwalimu wa kemia mwache apumzike, usimtupie lawama.

Nitume lini? (Columbus tena)

CASPA hufunguliwa mwishoni mwa Aprili, na vyuo vingi vinaita watu kwenye usaili kadiri maombi yanavyoingia, kwa hiyo anayengoja siku ya mwisho anagombea viti vilivyobaki. Lakini kama A zako mpya zinatoka Mei, usitume Aprili kwa pupa. Wastani utapigwa kwa alama zilizopo siku hiyo, na wewe ndiye unayezihitaji zile mpya kuliko wote. Tuma Juni.