Re: Mipango ya serikali inagusaje uhuru wangu?

Mkuu, umeuliza serikali ikipanga uchumi wote, raia wa kawaida anapoteza uhuru gani, maana unaona hayo ni mambo ya wachumi na makaratasi yao.

Waulize wazee waliokuwa wakulima hapa Tanzania miaka ya 70. Mahindi umelima mwenyewe, kwa jembe lako, lakini mnunuzi halali ni Shirika la Usagishaji la Taifa na bei imepangwa huko juu. Ukipakia magunia kwenda kuuza kwingine, unakutana na kizuizi barabarani. Na hata pa kuishi hukuchagua: Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, kampeni ya serikali ya kuwakusanya watu kwenye vijiji vya pamoja, ilihamisha mamilioni, wengine nyumba zao zilichomwa ili wasirudi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa, kwa hiyo hata chombo cha kulalamikia hakikuwepo.

Mjini ilikuwa foleni. Sukari, sabuni, khanga, vyote vya mgao. Mama alikuwa anatuamsha alfajiri tukaweke jiwe kushika nafasi. Sasa fikiria: mgao ukipitia kwa balozi wa nyumba kumi, yule kiongozi wa chama mtaani kwako, utathubutu kumpinga kwenye mkutano? Hapo ndipo uhuru unapoondoka, kimyakimya, bila polisi.

Polisi walikuja 1983, msako wa wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kulangua na kuficha bidhaa. Watu walitupa bidhaa usiku kwa kuogopa kukutwa nazo.

Sikatai, shule na zahanati zilijengwa. Ila wewe umeuliza kuhusu uhuru.