Re: Kitatange mdomo-mrefu hali punje, siku ya 5 sasa

Mkuu, kama kitatange wako, huyo samaki wa mapambo wa tangini, amekataa punje (chakula kikavu cha dukani) siku tano, punje weka kando kwanza. Mdomo ule mrefu umeumbwa kuchokoa vijidudu kwenye nyufa za matumbawe na kudonoa miguu ya urchini, wale viumbe wa baharini wenye miiba. Kitu kinachoelea juu ya maji yeye hakitambui kama chakula.

Kwa kuwa uko Tanga, nenda soko la Deep Sea asubuhi ununue kombe wachache na kamba wabichi. Kombe wagandishe siku mbili. Kisha mpasue mmoja, msuuze, umbane katikati ya mawe huku nyama ikitazama juu. Zima pampu dakika 10. Samaki wengine walishe kwanza upande wa pili, maana wakimsukuma mara moja tu atajificha kutwa. Baada ya saa mbili toa gamba hata kama hajagusa. Kwa joto letu nyama inaoza upesi, amonia (sumu itokanayo na uozo) inapanda majini, na samaki mwenye amonia hali kabisa. Hapo ndipo wengi wanapompoteza.

Akianza kudonoa, paka juu ya nyama ile kamba aliyekatwa vipande vya punje ya mchele. Mpe kidogo, mara tatu kwa siku. Punje zije mwisho kabisa, zikiwa zimelowekwa kwenye maji ya kamba.

Mwangalie mgongo nyuma ya kichwa: ukibonyea, anakonda, usisubiri.

Ila kama wako si mdomo-mrefu bali ni yule kitatange wa manjano mwenye mistari myembamba ya zambarau, huyo anakula polipu (viumbe vidogo laini vinavyojenga matumbawe) za matumbawe hai tu. Mrudishe kwa aliyekuuzia.