Leva za goti kwenye pedali stili: zipi uweke, na goti gani

Pedali stili ni gitaa linalolazwa mbele ya mpigaji: mkono wa kushoto unatelezesha chuma juu ya nyuzi, na pedali za miguu pamoja na leva zinazosukumwa kwa magoti zinapandisha au kushusha noti za nyuzi. Wanaoniuliza kulihusu karibu wote huanzia kwenye idadi: leva nne za goti zinatosha, au bora nivute subira nipate gitaa lenye tano? Nne zinatosha kabisa. La kulikalia kitako ni jingine: leva inayopandisha nyuzi za E iko goti gani, inayozishusha iko goti gani, na zote mbili zinapatanaje na pedali zilizo chini ya mguu wako. Hapo pakikaa sawa, mengine yanapangika. Hapo pakienda mrama, utapambana na mguu wako mwenyewe kila ukikaa kupiga.

Nazungumzia tyuni (mpangilio wa noti za nyuzi) ya E9, ile ya Nashville, mji wa muziki wa kantri Marekani, kwa kuwa ndiyo wengi wanaanza nayo. Nyuzi ni kumi: F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E, D, B, kuanzia ule wa mbali nawe. Mguu wa kushoto una pedali tatu. Pedali A inapandisha nyuzi zote mbili za B hadi C#. Pedali B inapandisha nyuzi zote mbili za G# hadi noti ya A. Pedali C inapandisha uzi wa nne hadi F# na wa tano hadi C#. Mguu wa kulia hauondoki kwenye pedali ya sauti. Yanabaki magoti. Gitaa lenye leva tano kwa kawaida huliwekea goti la kushoto tatu, yaani kushoto, kulia na juu, na la kulia mbili.

Anza kwa kutazama pedali zimepangwaje, maana ndizo zinazoamua leva zikae wapi. Ipo mipango miwili, na kila mmoja una jina la mpigaji aliyeupa sifa. Buddy Emmons alizipanga A, B, C kutoka kushoto kwenda kulia. Jimmy Day alizipanga C, B, A. Sauti ni ile ile, hakuna ulio bora. Tofauti iko kwenye kifundo cha mguu.

Chukua kodi (noti zinazolia pamoja) ya G. Freti ya 3, bila kukanyaga chochote, unayo G. Telezesha chuma hadi freti ya 6, kanyaga A na usukume leva inayopandisha E hadi F, unayo G nyingine. Freti ya 10, ukikanyaga A na B pamoja, ni G ya tatu, na freti ya 15 unaikuta ile ya kwanza oktava moja juu. Mpigaji wa pedali stili hupita njia hii kila siku ya maisha yake. Sasa utazame mguu wakati unatoka kwenye A na B pamoja na kubaki na A peke yake. Kwa mpango wa Emmons, A iko mwisho kushoto, kwa hiyo unyayo unalalia kushoto na goti linafuata huko huko. Leva ya F basi iwe kushoto mwa goti la kushoto. Goti litaigusa karibu bila kuambiwa. Kwa mpango wa Day, A iko upande wa kulia wa B, goti linaegemea kulia, na leva ya F ihamie huko. Ukichukua pedali za Day ukaziwekea leva za Emmons, unyayo utavuta huku na goti kule, na hakuna mazoezi yatakayoliondoa hilo.

Leva ya pili, ile inayoshusha E hadi D#, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nadhani sisi tuliolelewa na rumba na benga tuna sababu zaidi ya kuipenda. Kaa hapo hapo freti ya 3. Piga nyuzi za 8, 6 na 5: G. Kanyaga A na B, piga nyuzi zile zile: C. Achia pedali, sukuma leva ya kushusha E, piga 8, 7 na 5: D. Kodi tatu, chuma hakijasogea hata kidogo, na kwenye mkono wa kulia ni kidole kimoja tu kilichohama, kutoka uzi wa 6 kwenda wa 7. Ukitaka D yenye saba, rudi uzi wa 6 na ukanyage pedali B juu yake. Nyimbo ngapi za kwetu zinatembea juu ya kodi hizo tatu kuanzia ubeti wa kwanza hadi sebene! Wapigaji wa kantri huitumia leva hii kwa mapambo na kodi za minor, na ni sawa. Lakini sauti ya pedali stili haijafungwa kwenye kantri. Demola Adepoju aliipiga kwenye muziki wa juju wa King Sunny Adé, Nigeria, na ikakaa kati ya magitaa na ngoma kana kwamba imezaliwa pale.

Goti gani sasa? Wengi wenye pedali za Emmons huiweka kulia mwa goti la kushoto, na sababu yao ni nzuri: ukibaki na pedali B peke yake goti limeshaanza kuegemea kulia. Mimi naiweka goti la kulia. Leva mbili za E zikiwa kwenye goti moja, kutoka F kwenda D# kunadai goti livuke nafasi nzima ya katikati, na hapo katikati ile E ya kawaida inasikika, hata ukiwa mwepesi namna gani. Zikiwa magoti mawili, moja linaachia wakati jingine linasukuma, na nyuzi zinateremka bila kusimama njiani. Gharama yake ni pedali ya sauti. Goti la kulia likisukuma, unyayo nao hutaka kuzunguka, na sauti inaruka. Dawa ni kutuliza kisigino na kufupisha mwendo wa leva ili iguse kikomo mapema. Hayo yanahitaji wiki za kujizoeza polepole, na kwa mtu anayetaka kupiga rumba nasema yanalipa. Kama unalenga kantri ya kawaida na utajifunza kwa kufuata masomo ya watu wengine, weka zote mbili goti la kushoto. Masomo mengi yameandikwa hivyo.

Leva ya tatu inashusha uzi wa 2 kutoka D# hadi D, kisha hadi C#, na papo hapo inashusha wa 9 kutoka D hadi C#. Goti la kulia ndilo makazi yake. Leva hii ina kituo cha katikati: goti linasukuma, linahisi ukinzani kidogo, na hapo hapo uzi wa 2 uko D, likiongeza nguvu linavuka hadi C#. Usikubali gitaa ambalo huwezi kukihisi kituo hicho. Kijaribu ukiwa umefumba macho. Kama inakubidi usikilize ili ujue umefika, kirekebishwe kabla hujaanza kukijengea mazoea.

Ya nne inapandisha uzi wa 1 kutoka F# hadi G, na wengine huuongeza wa 7. Haina ugomvi, iweke panapobaki.

Ya tano, ile ya kuinua goti juu, inashusha B hadi A#. Utamu wake ni kwamba ukiwa na A na B chini, C# inashuka hadi C na kodi inageuka minor: pale freti ya 3, C inakuwa C minor. Ila gitaa liwe na skrubu ya ziada ya kuisawazisha hiyo noti ya kati, la sivyo A# itakuwa safi na C itakuwa chafu. Na mwili nao una usemi. Kuinua goti huku vidole vya mguu vikishikilia pedali mbili kunategemea urefu wa mguu wako wa chini. Mtu mrefu leva inamgusa kabla hajaihitaji, mfupi anaitafuta. Ndiyo maana siiweki kwenye orodha ya lazima kwa anayeanza.

Kuhusu mwili kuna jambo watu hulipita haraka. Usipime leva ukiwa umekalia kiti cha mezani. Kaa kwenye kiti utakachopigia, vaa viatu utakavyopigia, weka unyayo kwenye pedali, ndipo usogeze leva zikae karibu na goti, nafasi ya kidole au viwili tu. Magitaa mengi yanakuruhusu kulegeza leva kwa ufunguo wa Allen na kuisogeza. Ikibidi kubadilisha kazi ya leva, tazama chini ya gitaa: kila leva inazungusha mhimili, mhimili una vikono, vikono vinavuta fito nyembamba za chuma hadi mwisho wa kulia zinakofungwa nyuzi. Kuhamisha kikono na fito ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu mtulivu mwenye taa nzuri. Piga picha kabla hujagusa kitu.

Kwa aliye Nairobi, Dar au Kampala anayeagiza kutoka Marekani, ushauri wangu ni gitaa la shingo moja, pedali tatu, leva nne, mpangilio wa kawaida. Shingo ya pili ya C6, tyuni nyingine, inaongeza uzito na nauli, na fundi wa kuitengeneza utamtafuta sana. Jihadhari na yale magitaa ya zamani ya wanafunzi yenye leva moja tu. Bei inavutia, lakini mengi hayana nafasi ya kuongeza nyingine. Omba picha ya chini ya gitaa, si ya mbele peke yake. Omba pia karatasi ya mpangilio, inayoonyesha kila pedali na kila leva inafanya nini kwenye kila uzi, uilinganishe na fito unazoziona. Kama leva ya F na pedali A hazielekei upande mmoja, mwombe muuzaji azihamishe kabla hajafunga kasha.