Maswali ya Wasomaji: Kupinda Mrija wa Kiko kwa Joto

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kiko chenye kichwa cha mti wa briari na mrija mweusi ulionyooka. Nikikishika kwa meno kwa muda mrefu, uzito wa kichwa hulemea taya, kwa hiyo ningependa mrija uiname kidogo. Niliutia katika maji yaliyochemka ukapinda vizuri, lakini baadaye nilipouosha kwa maji ya moto ulinyooka tena, na weusi wake umeanza kufifia na kuelekea rangi ya kijani. Rafiki yangu ananishauri nitumie mwali wa mshumaa. Je, ushauri huo unafaa?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali uweke mshumaa kando. Mrija wako, kwa jinsi ulivyoueleza, ni wa eboniti, yaani mpira uliochanganywa na salfa nyingi na kupikwa hadi ukawa mgumu, na ufifiaji huo wa rangi ni dalili yake ya kawaida. Ukitaka kuhakikisha, usugue kwa nguvu kwa kitambaa kikavu hadi upate joto, kisha uunuse. Eboniti hutoa harufu ya salfa, na akriliki, aina ya plastiki ngumu ambayo ndiyo hutumika katika mirija mingi ya rangi rangi, haitoi.

Tangu Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba salfa na joto huuimarisha mpira, sifa moja ya mpira wa namna hiyo imekuwa msaada na kero kwa mafundi wa viko: salfa huzifunga nyuzi za mpira zikashikana kila upande, hivyo eboniti haiyeyuki inapopata joto bali hulegea tu, na ikilegea bila kushikwa hujirudisha katika umbo lililotoka nalo kiwandani. Ndicho kilichokupata. Yamkini maji yalilegeza mrija upande wa nje kuliko kiini chake, au uliuachia kabla haujapoa hadi ndani, kisha yale maji ya kuoshea yakaupa nafasi ya kunyooka. Mwali wa mshumaa ungeleta shida iliyo kubwa zaidi, kwa sababu huunguza na kuutia masizi upande mmoja ilhali kiini bado kigumu, na eboniti iliyoungua hufanya malengelenge ambayo hayaondoki ila kwa kukwanguliwa.

Kifaa ninachokipendekeza ni mashine ya kupuliza hewa ya moto, ile inayotumiwa kubandua rangi ya zamani, ikiwa imewekwa katika joto la chini. Utoe mrija kwenye kichwa kiko kikiwa kimepoa, kwani kuuchomoa kikiwa cha moto huweza kuuvunja ulimi wake, yaani ile ncha nyembamba inayoingia katika tundu la kichwa. Kabla ya kitu kingine chochote, upitishe ndani ya mrija waya wenye manyoya wa kusafishia viko, utokeze pande zote mbili, la sivyo njia ya moshi itabanwa pale pale penye mpindo na kiko hakitavuta tena. Kisha uufunge ulimi kwa kitambaa kilicholowa maji. Hapa nasisitiza kuliko popote, kwa maana ulimi ukipata joto hupanuka au kupinda, nao hautakaa tena katika tundu lake. Na kama umetobolewa kwa ajili ya kichujio, kuta zake ni nyembamba na huharibika upesi zaidi.

Uuzungushe mrija mbele ya hewa pasipo kusimama, ukilenga sehemu ya katikati, na dirisha liwe wazi. Eboniti hulegea vya kutosha karibu na nyuzi 110 za Selsiasi, na hutahitaji kipimajoto: ukiubonyeza kidogo ukiwa na glavu, utauona unakubali wenyewe bila kushindana nawe. Ukihisi bado unakataa, uurudishe kwenye joto, usiulazimishe. Uulaze juu ya chupa ya mviringo, uukunje taratibu, na uzidishe mpindo kidogo kupita unaoutaka, maana hunyooka kiasi unapopoa. Utazame kwa mbele kuhakikisha haukuenda upande, halafu uushike bila kutikisika chini ya maji baridi mpaka usibaki na joto hata kidogo. Hapo ndipo uchomoe waya. Kuanzia siku hiyo uuoshe kwa maji ya uvuguvugu, tena usiuache juani.

Ingekuwa akriliki, ungehitaji joto kubwa zaidi, aghalabu karibu na nyuzi 150, na subira zaidi, kwa kuwa ikikunjwa kabla ya kulainika mpaka ndani hupasuka. Mrija wa kaharabu, unaopatikana katika viko vya zamani, usithubutu kuupinda kabisa.

SWALI: Je, alama za meno kwenye mrija zinaweza kuondolewa kwa joto?

JIBU: Katika eboniti, ndiyo, kwa sababu ile ile iliyoelezwa hapo juu. Palipobonyea tu hunyanyuka pakipashwa joto polepole, waya ukiwa ndani. Palipomeguka au kutoboka hapanyanyuki, na fundi atalazimika kupajaza na kupasugua kwa msasa laini. Kama mrija umekwisha kupindwa, uelekeze joto kwenye ncha ya mdomoni peke yake, ama sivyo mpindo wote utafunguka.