Jibu: Je, mita ya Yaka, yaani ya umeme wa kulipia kabla, inakula uniti kuliko ile ya zamani?
Ndugu, umeuliza kwa nini mita mpya inamaliza uniti haraka, na kwa nini shilingi 20,000 za mwanzo wa mwezi hukupa uniti nyingi kuliko kiasi hicho hicho baadaye. Hilo la pili ni jepesi: hapa Uganda mteja wa nyumbani huuziwa uniti 15 za kwanza za kila mwezi kwa bei nafuu, na zinazofuata kwa bei ya juu.

Hilo la kwanza linahitaji jaribio, kwa kuwa sitakuomba uiamini mita kwa neno langu tu. Zima vifaa vyote, friji likiwemo, bila kugusa swichi kuu. Taa ndogo iliyo kwenye mita ikiendelea kumulika, basi kuna kifaa ulichokisahau, waya unaovujisha umeme, au mpangaji mwenzako aliyejiunganisha kwako, jambo ambalo si geni kwenye vyumba vya kupanga. Kisha washa birika la wati 2,000 peke yake kwa dakika tatu. Ikiwa mita imeandikwa mimuliko 1,000 kwa uniti, utahesabu takriban 100, au pungufu kidogo umeme ukiwa dhaifu. Ukipata 130, andika barua kuomba mita ipimwe, na utunze nakala.

Kwangu Ntinda, hapa Kampala, nilihesabu 97. Mwizi alikuwa friji langu kuukuu, lenye mpira wa mlango uliochakaa, ambalo nililitetea miezi mingi.