Dada, programu yako inadanganya

Meseji yenye maneno hayo iliniingia saa tano usiku, kutoka kwa kijana anayetembeza wageni Nungwi. Programu yangu ya maji kujaa na kupwa ilimwambia maji yatakupwa saa 10 na dakika 14. Kawateremsha wageni pwani saa kumi jioni wakatembee kwenye miamba, kakuta maji yamejaa mpaka ukutani.

Nikakaa mpaka saa nane nikipitia hesabu za mwezi na jua, mstari kwa mstari, nisione kosa. Asubuhi, chai mkononi, ndipo nikafahamu. Simu iliandika 10:14 ya kizungu, ambayo ni saa nne asubuhi; yeye kaisoma kwa Kiswahili. Saa yetu na ya kizungu zinapishana saa sita, na kutoka maji kupwa mpaka kujaa ni saa sita na dakika chache. Kwa hiyo anayekosea kusoma saa hakosei kidogo: anakuta kinyume kabisa cha alichoambiwa. Hata ungekusudia kumtega mtu usingepata mtego wa namna hiyo.

Nusu ya kosa ilikuwa yangu. Programu ya watu wa Unguja na Pemba ilitakiwa iandike saa za Unguja na Pemba. Nikarekebisha wiki ile ile. Ila wenye toleo la zamani wako wengi, na meseji ile ile, maneno yale yale, imeendelea kunifika kila bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana.

Nayaandika haya kwa sababu vijana kadhaa wameniuliza namna ya kuweka kazi zao GitHub, tovuti ya kuhifadhia programu, chanzo huria, kila mtu achukue. Wekeni. Lakini jueni kinachofuata, kwa sababu mimi sikuambiwa.

Programu hii nilimtengenezea mama, analima mwani Jambiani. Hajaitumia hata siku moja. “Mwanangu, leo mwezi pili, bamvua hilo, simu ya nini?” Waliotumia ni wengine: wavuvi, watembeza wageni, wanaofundisha kuogelea, na kampuni moja iliyoichukua ikaitia ndani ya programu yake ya kuuza safari za baharini. Leseni niliyoiwekea, ya MIT, inaruhusu yote hayo. Leseni hiyo hiyo inasema, kwa herufi kubwa, kwamba kitu kinatolewa kama kilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Sijaona mtu aliyefika mstari huo.

Ramadhani moja mtu wa kampuni ile akaniandikia mara nne baina ya alasiri na magharibi. Wageni wanalalamika, rekebisha haraka, mbona kimya? Nilikuwa na mkate wa kumimina jikoni, makaa juu na chini. Nikasema nimjibu tu mara moja. Nilipofunua, juu umekuwa mweusi kama sufuria yenyewe. Tukafuturu kwa tende na uji, na mume wangu, kwa hekima zake, hakusema kitu. Kilichoniuma si mkate. Ni kwamba yule bwana analipwa mshahara kwa programu ile, na mimi silipwi hata vocha, na bado nilihisi nina deni lake.

Hapo lazima nijisute. Nilipenda kutafutwa. Kuambiwa “dada, bila wewe tusingejua” ni kutamu, na utamu huo ndio ulionifanya nijibu saa nane za usiku mpaka watu wakadhani hiyo ndiyo kawaida. Mlango niliufungua mwenyewe.

Na uchovu huu si wa usingizi tu. Kisa cha xz kila anayetoa msimbo, yaani maandishi ya programu, bure akijue. Ni programu ya kubana mafaili, imo karibu katika kila Linux, mfumo unaoendesha mashine nyingi za mtandaoni, na kwa miaka mingi iliangaliwa na Lasse Collin wa Finland, kwa kujitolea. Mwaka 2022 watu wasiojulikana wakaanza kumlaumu kwamba anachelewa, amkabidhi mwengine. Alishasema wazi kuwa hali yake si nzuri. Pembeni alikuwepo mtu mpole, msaidizi hodari, aliyejiita Jia Tan. Taratibu akapewa ufunguo, yaani ruhusa ya kubadilisha programu mwenyewe. Machi 2024 mhandisi Andres Freund akashangaa kuona kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuifikia mashine ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Akachimba, akakuta mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyechoka akiletewa msaidizi hamchunguzi sana; anashukuru tu.

Sasa nimeandika juu kabisa ya maelezo ya programu: nasoma malalamiko Jumamosi asubuhi. Kasoro nairekebisha ukinipa toleo, aina ya simu na picha ya skrini. Swali la matumizi nenda grupu la WhatsApp, wenzako watakujibu, na wanajibu vizuri kuliko mimi (kuna ami mmoja wa Mkoani, Pemba, anawaeleza watu habari ya saa mpaka raha). Kampuni inayotaka haraka ilipe, au ilete marekebisho yenyewe. Nimemkaribisha msaidizi mmoja, binti niliyesoma naye skuli, ninayeijua nyumba yao. Hata yeye nilimpa mwaka mzima kabla ya ufunguo.

Wiki ya mwanzo nilitukanwa. Wawili wakahama. Nilipoona simu iko kimya usiku nikadhani imeharibika.

Juzi kampuni ile imeandika tena: haraka, msimu umeanza. Nimetazama programu yangu mwenyewe. Jumamosi hii ni bamvua, maji yanakupwa saa nne asubuhi, na mama ananitaka pwani kufunga mbegu za mwani. Watasubiri Jumamosi ya pili.