Uwatu unashusha sukari, ndiyo maana usiufiche kliniki

Swali la wiki hii lilikuwa: "Je, kuna jani au kiungo cha jikoni kinachoweza kumsaidia mwenye kisukari?" Mimi naandika kutoka Ipagala, Dodoma, na ninaishi na shangazi yangu ambaye ana kisukari cha aina ya pili. Jibu langu ni ndiyo, kipo, na ninachokifahamu vizuri ni uwatu. Lakini wengi tunautumia kwa siri, na siri hiyo ndiyo inayoniogopesha kuliko uwatu wenyewe.

Wauza viungo wa Soko la Majengo huwa nao: mbegu ndogo za njano iliyofifia, zenye pembe, chungu ukizitafuna. Familia za Kihindi hapa mjini hupika na majani yake pia, wanayoyaita methi. Loweka kijiko kimoja cha mbegu usiku, asubuhi utazikuta zimevimba na zimezungukwa na ute. Aliyekulia mlenda hahitaji kuelezwa ute huo ukoje. Kazi kubwa inafanyika humo. Ute ule ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka majini. Zikifika tumboni huwa nzito, zinachelewesha chakula kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo, na sukari inayotokana na ugali inaingia kwenye damu taratibu badala ya kumiminika kwa mkupuo. Utelezi wa mlenda na wa bamia ni wa jamii hiyo hiyo, kwa hiyo wazee wetu wa Ugogoni waliokula ugali wa uwele kwa mlenda hawakuwa na mboga mbaya hata kidogo. Mbegu za uwatu zina na kitu kingine ambacho kwenye majaribio ya maabara kimeonekana kuchochea kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ila kwa mlaji wa kawaida mimi naupa uzito zaidi ule ute.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapopoteza faida. Wanaloweka mbegu, wanachuja, wanakunywa maji na mbegu wanamwaga. Sehemu kubwa ya nyuzinyuzi imebaki kwenye mbegu uliyoimwaga! Zile mbegu ziliwe, au zisagwe na unga wake uchanganywe kwenye uji, mtindi au mboga, tena pamoja na mlo, maana kazi yake ni kupunguza kasi ya chakula kilichopo tumboni. Na kipimo nacho kina maana. Katika tafiti zilizofanyika kwa watu, wengi walipewa unga wa mbegu gramu 5 hadi 25 kwa siku, wengine zaidi ya hapo. Kijiko kimoja cha chai cha mbegu ni kama gramu 4. Kwa hiyo uwatu kidogo ulioangukia kwenye mchuzi ni ladha tu. Tafiti hizo nyingi zilikuwa ndogo na za muda mfupi. Sukari ilishuka, ndiyo, lakini kwa kiasi cha kusaidiana na dawa. Anayekuuzia chupa ya unga akikuambia utaacha vidonge, anakudanganya, na udanganyifu huo unapofua watu macho na kukata watu miguu.

Niwaeleze kilichompata shangazi. Alikuwa anameza glibenklamaidi asubuhi, kidonge ambacho kinalisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala. Juu yake akaongeza uwatu, kila siku, bila kumwambia mtu. Siku moja tulikuwa msibani Veyula na chakula kikachelewa sana. Nikamwona anafunga na kufungua fundo la kanga, vidole vinatetemeka, jasho linamtoka mpaka kwenye nyusi ilhali tumekaa kivulini, na akaanza kuniita kwa jina la dada yangu. Mashine ya kupima sukari ilisoma 2.9 (mmol/L). Chini ya 4 tayari ni sukari kushuka. Tulimkorogea sukari vijiko vitatu kwenye nusu glasi ya maji, akanywa akiwa ameshikiliwa mabega, tukasubiri dakika 15, tukapima tena: 4.6. Ndipo tukampa chakula, kisha tukampeleka hospitali, kwa sababu kidonge kile hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka upya.

Muuguzi akamsalimia, "Shikamoo mama," halafu akamuuliza kama kuna kitu kingine anachotumia nje ya dawa za kliniki. Shangazi akajibu, "Hakuna, mwanangu." Kisha akanitazama. Nikanyamaza ili aseme mwenyewe, na baada ya muda akasema. Daktari hakumkaripia. Aliandika uwatu kwenye kadi yake, akapunguza kile kidonge, akamwambia asiruke mlo. Kosa kubwa la siku ile lilikuwa kidonge bila chakula, uwatu uliongezea. Lakini daktari asiyejua habari ya uwatu angetafuta sababu kwingine.

Najua kwa nini watu wanaficha. Wengine waliwahi kufokewa, "acheni miti shamba yenu," wakaapa kutosema tena. Nawaomba wahudumu wa kliniki zetu waulize kwa upole, na waulize kila mara. Hata hiyo metofomini, kidonge cha kisukari wanachotupa, ina asili ya mmea: ilitokana na utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, wa familia moja na uwatu, yaani familia ya mikunde. Kemikali iliyotolewa kwenye mmea wenyewe ilikuwa na sumu. Wataalamu wakatengeneza iliyo salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa. Mmea na kidonge havina ugomvi. Tofauti ni kwamba kidonge kimepimwa na kijiko chako hakijapimwa.

Kuna kundi moja ambalo sitaki kabisa lisikie "uwatu unashusha sukari" likaelewa vibaya: wazazi wa watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza. Miili ya watoto hao haitengenezi insulini ya kutosha kuishi. Kabla ya mwaka 1922, insulini ilipoanza kutumika kwa wagonjwa, watoto hao walikuwa wanakufa. Ukisitisha sindano kwa sababu ya mbegu yoyote, mtoto anaweza kukufia ndani ya siku chache. Tafadhali sana.

Mjamzito naye asinywe uwatu kama dawa. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda aongee na daktari kwanza, na mwenye mzio wa karanga au dengu ajihadhari, kwani ni jamaa wa mmea huu. Vidonge vingine vipishane na uwatu kwa saa mbili hivi, maana ule ute unaweza kuvichelewesha navyo.

Ukisharuhusiwa na daktari, usiulize jirani kama unakufaa, pima. Chagua mlo mmoja unaoujua, tuseme ugali wa mtama kiasi kile kile na mboga ile ile (mtama nao unapandisha sukari, wasikudanganye). Pima kabla ya kula na saa mbili baadaye, siku bila uwatu na siku ukiwa na uwatu, na rudia kadiri vijiti vya mashine vinavyoruhusu. Andika namba zote, uandike na ukubwa wa kijiko, uende na daftari hilo kliniki.